Jinsi ya kuweka wimbo wa kwenu kwenye gitaa la umeme: njia aliyopita Erkin Koray, kwa wapigaji wa Mwanza

Hii naiandika kwa wadogo zangu wa Mwanza wanaopiga gitaa, wa kwenye kwaya, wa bendi za hotelini na wale wa chumbani tu, ambao ukiwaambia piga kitu wanakupigia sebene safi kabisa au roki ya Kimarekani noti kwa noti, alafu ukiwaambia sasa nipigie wimbo aliokuwa anaimba bibi yako shambani wanabaki wanakuangalia. Nataka nikuonyeshe namna ya kuuchukua huo wimbo wa bibi ukae kwenye gitaa la umeme na ubaki mzima. Mwalimu ninayekupeleka kwake ni Mturuki, Erkin Koray, maana yeye alianzia palepale ulipo wewe, kwenye kukopi, na njia aliyopita ukiifuata hatua kwa hatua unaiona kabisa.

Mjue kwanza mtu mwenyewe. Kazaliwa Istanbul tarehe 24 Juni 1941, mama yake Vecihe Koray alikuwa mwalimu wa piano, kwahiyo dogo kakalishwa kwenye piano akiwa bado mdogo sana. Akasoma Shule ya Kijerumani ya hapohapo Istanbul, na mwaka 1957 akiwa bado mwanafunzi yeye na wenzake wakapanda jukwaani wakapiga rock'n'roll, mambo ya Elvis Presley na Fats Domino, kipindi ambacho Uturuki kitu hicho wengi walikuwa hawajakisikia kikipigwa na vijana wa kwao. 1962 akatoa sahani yake ya kwanza ya santuri, upande mmoja Kituruki, "Bir Eylül Akşamı", upande wa pili Kiingereza, "It's So Long". Alipoitwa jeshini kwa mujibu wa sheria akaangukia kwenye bendi ya jazz ya jeshi la anga kule Ankara, akaendelea kupiga. Hesabu mwenyewe hiyo miaka yote, mtu anakopi, anajifunza chombo, anapiga mbele za watu, na hapo jina bado halijakaa sawasawa. Kama leo unakopi we kopi tu, mikono ndo inavyofunguka hivyo, na uzuri wa Mwanza ni kwamba kanisani kuna vyombo, kuna mwalimu wa kwaya na kila Jumapili kuna watu wa kukusikiliza, hiyo ni shule usiidharau hata kidogo.

Kilichowageuza Waturuki wale ni mashindano. Gazeti la Hürriyet lilianzisha shindano la Altın Mikrofon mwaka 1965, likaenda mpaka 1968, na sharti lake lilikuwa zuri sana nakwambia: pigeni vyombo vyenu vya kisasa, gitaa, drams, kinanda, lakini wimbo uwe wa Kituruki, ama wa asili mmeutengeneza upya ama mmetunga wenyewe. Wanaofanya vizuri nyimbo zao zinatolewa sahani na wanazungushwa mikoani. Ghafla vijana wa mjini waliokuwa wanamwiga Elvis wakajikuta wanatafuta nyimbo za vijijini. Cem Karaca na kundi la Apaşlar wakashika namba 2 mwaka 1967 na "Emrah". Erkin Koray akaingia 1968 na "Çiçek Dağı", akatoka wa 4. Wa nne! Na ndiye huyo huyo ambaye mpaka anafariki kule Toronto mwezi Agosti 2023 akiwa na miaka 82 watu wanamwita Erkin Baba, yaani Baba Erkin.

Sasa sisi hapa mashindano tunayo toka enzi, Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanashindana miaka nenda rudi, na sheria yao ni ngumu kuliko ya gazeti lolote kwa sababu makundi mawili yanacheza muda mmoja kwenye uwanja mmoja na watu wenyewe ndo mahakimu, wanakokimbilia wengi ndiko kuna ushindi. Ukienda Bujora mwezi wa sita kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, utaliona hilo kwa macho yako. Ndo maana nasema kazi hii inatuhusu.

Haya tuanze kazi.

Chagua wimbo mmoja, mmoja tu, tena uwe wa watu wako au wa watu unaoweza kuwafikia kwa daladala au kwa kivuko. Kama ni Msukuma mfuate mtu anayepiga zeze au ndono, ule upinde wa waya moja wenye buyu, au waimbaji wa bugobogobo, ngoma ya kulimia. Kama kwenu ni Bukoba kuna enanga, chombo cha nyuzi cha Wahaya, kama ni Mjaluo wa Rorya kuna nyatiti na nyuzi zake nane. Usichukue wimbo kwa sababu umeusikia umewekewa biti ya kompyuta kwenye harusi, maana hapo unakuwa unakopi kopi, na vile vitu vidogo vinavyofanya wimbo uwe wimbo vilishapotea kwenye hiyo biti. Mtafute anayeupiga kwa mkono.

Ukimpata nenda asubuhi, msalimie vizuri, mwangaluka baba, kaa, gitaa liache nyumbani siku hiyo. Hili nalisisitiza sana kwa sababu kijana akienda na gitaa anataka aonyeshe anachojua na mzee naye kwa heshima ataanza kukufuata wewe, na wewe umeenda kumfuata yeye. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, iweke simu juu ya kitambaa kama mita moja hivi kutoka kwenye chombo, sio kwenye meza tupu maana meza inatetema, na umwambie aupige wimbo mara tatu: mara ya kwanza na kuimba, ya pili chombo peke yake, ya tatu aimbe peke yake bila chombo. Hiyo ya tatu watu wengi wanaisahau na ndo utakayoihitaji kuliko zote. Alafu muulize maneno yana maana gani, wimbo unaimbwa lini, nani hatakiwi kuuimba. Kuna nyimbo za msibani, kuna za mapacha, kuna za watemi, huwezi ukachukua wimbo wa kazi maalumu ukaupeleka baa bila kujua ulikuwa wa nini. Kama unataka kuona vyombo vyenyewe vya zamani kabla hujaenda kwa mzee, Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, unapanda daladala ya Kisesa unamalizia na bodaboda, zipo ngoma za watemi zimetunzwa pale na ukiangalia zilivyowambwa unaelewa kwanini drams za dukani hazitoi ule mlio.

Ukirudi nyumbani, kabla hujashika gitaa, nataka ufanye zoezi moja la kusikiliza. Albamu ya Erkin Koray inayoitwa Elektronik Türküler ilitoka 1974, ndani yake kuna "Cemalim". Huo ni wimbo wa kilio kutoka Ürgüp, mwanamke anamlilia Cemal wake aliyeuawa, wimbo wa asili kabisa unaopigwa na bağlama, lile gambusi lao la shingo ndefu. Tafuta kwanza unavyoimbwa kwa bağlama tupu, sikiliza mpaka uweze kuuimba na mdomo umefungwa, ndo uende kwenye wa Koray. Utasikia ameuacha mwendo wa sauti kama ulivyo. Maneno nayo kayaacha vilevile. Alichobadilisha ni kinachozunguka: gitaa zito, besi inayotembea, drams. Na gitaa lenyewe halijazi kodi, zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kila mahali kama tunavyofanya sisi, linaimba mstari uleule wa wimbo kama vile ni mtu wa pili ameketi pembeni ya mwimbaji. Chukua karatasi uandike pembeni moja alivyoviacha, pembeni nyingine alivyobadilisha. Karatasi hiyo ibandike ukutani ndo ramani yako.

Sasa shika gitaa, kodi marufuku kwanza. Mimi naona hapa ndo wapigaji wetu wengi wanaua wimbo, wakisikia tu sauti wanatafuta ni G au ni C, wanaweka kodi tatu za kanisani chini yake, na wimbo wote unageuka pambio. Wewe tafuta noti moja moja kwenye waya moja ukifuata ile rekodi ya tatu, mzee anapoimba peke yake. Fungua programu ya kutuni kwenye simu, imba noti ya mzee, angalia mshale. Mara nyingi utakuta umekaa katikati, haujafika noti hii wala ile, na gitaa lako linakataa kwa sababu freti, vile vipande vya shingoni vinavyogawa noti, ni chuma zimegongewa pale kiwandani.

Waturuki walikutana na shida hiyohiyo na wenyewe wana dawa nzuri kwenye chombo chao. Bağlama freti zake hazijagongewa, zimefungwa, na zinafungwa kwa uzi wa nailoni, uzi wa jamii ileile ya mshipi wa kuvulia samaki unaouzwa madukani pale Mwaloni Kirumba, unazungushwa shingoni mwa chombo mizunguko kadhaa unakazwa, na mpigaji akitaka noti ishuke kidogo anaisukuma freti kwa kidole inasogea. Ndo maana zile noti za katikati wanazo bila shida. Sisi kwenye gitaa la kawaida tuna njia tatu. Ya kwanza vuta waya: kamata freti ya chini ya hiyo noti alafu sukuma waya pembeni kidogo mpaka mshale ukae pale alipokaa mzee, na ufanye hivyo kila siku mpaka kidole kikumbuke chenyewe bila simu. Tumia waya nyembamba, namba 9, nene zitakuumiza. Ya pili, telezesha shingo ya chupa au kipande cha bomba juu ya waya, hapo freti haina kazi tena, noti zote ni zako. Ya tatu ni ya mtu mwenye gitaa la ziada, ng'oa freti kabisa mpelekee fundi seremala mzuri azibe mianya kwa vumbi la mbao na gundi apige msasa. Mturuki mwingine, Erkan Oğur, alitengeneza gitaa lisilo na freti mwaka 1976 na linaimba mpaka unashangaa. Mimi ningekwambia anza na ya kwanza, kwa sababu haikugharimu kitu na inafundisha sikio.

Mstari wa wimbo ukishakaa, weka kitu kimoja tu chini yake: waya nene ya chini ipigwe wazi, ileile, muda wote. Bağlama inafanya hivyo, ndono na lile buyu lake na waya yake moja inafanya hivyohivyo, sauti moja ya chini inashikilia na wimbo unatembea juu yake. Ituni hiyo waya kwenye sauti ya mwimbaji, mwimbaji asilazimishwe kwenda kwenye E kwa sababu tu gitaa limezoea E. Kama mama anaimba vizuri kwenye C kali, gitaa zima lishuke au lipande kumfuata.

Mapigo sasa. Bugobogobo ni ngoma ya jembe, watu wamejipanga mstari shambani wanalima kwa ngoma, na spidi inatoka kwenye jembe kupanda na kushuka, ndo maana ukiipiga haraka kidogo tu mzee atakwambia hapo watu hawalimi tena wanakimbia. Kwa hiyo ngoma yenyewe ya asili iwepo kwenye bendi, mpigaji wake awe ndo kiongozi, mtu wa drams akae nyuma yake amfuate, apige biga (ngoma ya mguu) na haiati (vile visahani viwili vya kugongana) tu mwanzoni, mikwaju ya mbwembwe aweke akiba. Mtu wa besi asikilize ngoma kubwa asisikilize gitaa. Ukiweza kupata jembe la kweli ligongwe kwa chuma badala ya simbal, mlio wake unapenya mpaka nyuma ya ukumbi.

Kama una mpiga zeze kwenye kundi, na ningependa sana uwe naye, usimsimamishe mbele ya maiki atafunikwa na drams. Erkin Koray ni mmoja wa waliotangulia kuweka umeme kwenye bağlama yenyewe, na wewe unaweza kuweka umeme kwenye zeze kwa pesa ndogo. Muombe fundi redio kile kisahani cha shaba cha piezo, kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, kinapatikana kwenye saa za kengele na simu za mezani zilizokufa, ni cha duara kama sarafu na kati kina kiduara cheupe. Waya moja ya umeme inalehemiwa kwa risasi kwenye shaba, nyingine kwenye cheupe, kwa haraka sana kwa sababu cheupe kikipata moto mwingi kinakufa, alafu zote mbili zinaenda kwenye jeki ya kike ya gitaa. Kibandike ndani au nje ya buyu karibu na daraja linalobeba waya, jaribu kwanza kwa plasta sehemu mbili tatu mpaka upate inayosikika vizuri, ndo uweke gundi. Sauti itatoka nyembamba na kali, ni kawaida ya piezo, ipitishe kwenye emplifaya ndogo ya gitaa punguza treble kabisa, ongeza za katikati. Ikianza kupiga miluzi mpigaji asiangaliane na spika, na jaza kitambaa laini ndani ya buyu, sio nyingi. Mzee akikataa chombo chake kubandikwa vitu, heshimu, tengenezeni kingine kwa kazi hiyo.

Distoshen, ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, iweke kidogo. Najua inanoga, lakini ikizidi zile noti za katikati ulizozitafuta wiki nzima zinayeyuka zote zinakuwa mngurumo mmoja. Weka mpaka noti ianze kuwa na mchanga hivi, simama hapo.

Mazoezi fanyeni bila umeme kwanza. Umeme wenyewe tunaujua unavyokatika, na bendi inayoweza kupiga wimbo mzima kwa gitaa kavu, ngoma na midomo haitapotea siku ya shoo. Kule kwenye mawe ya Igogo au Mabatini ukipata sehemu tulivu jioni inatosha, ila waombe majirani ruhusa, na msifanye usiku watoto wanasoma.

Lugha: imba Kisukuma, Kikerewe, Kihaya, ile ya wimbo. Kumbuka Koray 1962 nusu ya sahani yake ilikuwa Kiingereza, watu wakaja kumshika zaidi alipoimba kwao, kama "Kızları da Alın Askere" ya 1967, na mpaka Elektronik Türküler ni Kituruki. Kama unaogopa watu wa Dar hawataelewa, msikilize Patrick Balisidya na Afro 70, Mgogo yule, alivyozichota sauti za kwao akaziweka kwenye gitaa la umeme miaka ya 70, na mwaka 1977 akaenda nazo FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi, kule Lagos. Kiswahili unaweza kukitia kwenye ubeti mmoja wa kueleza kisa, inatosha.

Nyumbani watasema. Koray alifuga nywele ndefu akashambuliwa mtaani kwa sababu ya nywele tu, wewe utaambiwa unapoteza muda, au wazee watasema unaharibu mila na vijana wenzako watasema umekuwa mshamba, vyote siku moja. Namna ya kujibu ni kumpeleka mzee aliyekufundisha kwenye mazoezi aketi mbele, apige ukelele pale mnapokosea, na mkishapata mkapige mara ya kwanza kijijini kwake kabla ya mjini. Wakiinuka kucheza wenyewe bila kuambiwa, wimbo umekaa. Wasipoinuka muulize mpiga ngoma kwanza, mara nyingi ni spidi, gitaa mara chache sana.

Mambo ya karatasi yafanyeni mapema kabla wimbo haujasambaa kwenye simu za watu. Wasanii mnasajiliwa BASATA, baraza la sanaa la taifa, kazi inasajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kwenye fomu wimbo wa asili usiandikwe kwamba umetunga wewe, andika ni wa asili, jina la aliyewafundisha, na mpangilio ni wa kundi lenu. Sauti ya mzee ikitumika kwenye rekodi mkubaliane asilimia yake kwa maandishi mbele ya mtoto wake au mwenyekiti wa mtaa, na kila pesa ikiingia, hata ya shoo moja ya Kirumba, fungu lake mpelekeeni mkononi, mumwambie imetoka wapi na imebaki ngapi kwa kundi.